Mshipi wa ngozi ya mamba: niliununua mjini, nikaufumua karakanani

Kwa wenye haraka: mshipi ni wa mamba kweli, ngozi ni ya tumbo, mshono unapita, bizimu ni takataka. Bei niliyotajiwa, shilingi 14,500, haikuwa bei bali mwanzo wa mazungumzo, nilitoa 11,000. Maelezo ya muuzaji yasikilize kwa sikio moja tu, na hayo ndiyo yaliyonifanya niandike kirefu namna hii.

Mimi ni fundi wa makubadhi hapa Mji wa Kale, Mombasa. Kazi nimeirithi kwa marehemu babangu, na ngozi ninazolala na kuamka nazo ni za ng'ombe na mbuzi. Kuna mzee wa Kibokoni alinijia akitaka makubadhi ya harusi ya kijana wake, gidamu, ile kamba ya kati ya vidole, ziwe za ngozi ya mamba. "Pesa si neno, mwanangu, we nishonee." Sikumpa jibu siku hiyo. Mali ya mtu haichezewi, na ngozi ya mamba mimi nilikuwa naiona kwa watalii tu. Nikaona kuliko kununua ngozi nzima nisiyoijua, bora ninunue kitu kilichokwisha shonwa nikakichungulie ndani.

Duka liko upande wa mjini, si mbali na Mapembeni, penye zile pembe kubwa za barabarani. Jina nalihifadhi kwa kuwa nina ya kulaumu. Ni padogo, pana kiyoyozi, na kijana wa pale ana adabu zake: alinivutia kiti, akanitolea kila nilichokinyooshea kidole bila kununa. "Shika tu, Mama, kushika si kununua." Tatizo lilianza alipofungua mdomo juu ya mamba mwenyewe.

Wahenga walisema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Kwenye kabati la kioo la duka lile walikuwamo hata ng'ombe. Safu ya chini ni mishipi ya shilingi 3,000, na kijana akasema nayo ni ya mamba. Nikaukunja mmoja. Ngozi ya mamba ukiikunja, mkunjo hufuata mfereji ulio kati ya gamba na gamba, maana pale ndipo ilipo nyembamba na laini. Ule ulikunjika popote, ukakata gamba katikati. Kisha nikayafuata magamba kwa kidole kutoka kwenye bizimu hadi nchani. Palikuwa na gamba moja lenye kona iliyomeguka; baada ya shubiri moja na nusu likarudi lile lile, mbele kidogo likarudi tena. Hakuna mnyama mwenye gamba linalojirudia. Ni ng'ombe aliyekandamizwa kwa bamba la moto, na bamba lina mwisho wake. Kwa shilingi 3,000 si mshipi mbaya, unaweza kumfaa mtoto wa shule, lakini kibandiko kiseme ng'ombe.

Safu ya juu ndiyo ya kweli. Kijana akautoa mmoja, wa kahawia iliyoiva, unaong'aa. "Huu ni mamba wa Amerika, Mama, ndiyo maana unaona bei imepanda."

Niliupeleka mlangoni kwenye jua. Karibu na ukingo wa nyuma wa kila gamba kulikuwa na kinukta, ukubwa wa ncha ya sindano. Hapo ndipo hadithi ya Amerika ilipoishia. Aligeta, yule wa kusini mwa Marekani anayeuzwa kwa jina hilo, ana nukta hizo kwenye taya tu, mwilini hana. Mamba wetu, anayeitwa mamba wa mto Nile ingawa makazi yake yanashuka hadi Afrika Kusini na kuvuka hadi Madagaska, anazo mwili mzima. Kwa hiyo mshipi ni wa mamba wa huku huku, na hilo kwangu si kasoro, ni sifa. Sijui kwa nini mtu auze kitu cha nyumbani kwa jina la ugenini.

Nukta zenyewe si pambo. Ni viungo vya hisia vilivyojaa ncha za neva. Mwaka 2002 mtafiti Daphne Soares alionyesha kwamba aligeta aliyelala juu ya maji, gizani kabisa, hugeukia upande ambako tone moja la maji limeanguka, na kinachompa habari ni vinundu hivyo vya tayani. Miaka kumi baadaye watafiti wengine, Leitch na Catania, wakakuta vya tayani vina wepesi wa kuhisi kuliko ncha za vidole vyetu. Mimi nimefanya kazi ya vidole maisha yangu yote, naijua laini na naijua kavu kwa kugusa, na bado mnyama huyu ananishinda kwa uso. Ngozi ikishadabaghiwa hisia imekwenda zake, lakini alama hubaki. Ukiona mshipi unaoitwa wa mamba wa Afrika na hauna nukta hata moja, uache pale pale.

Aliponiona siyumbi akabadilisha wimbo. "Basi huyu alikamatwa mto Tana, Mama. Futi ishirini! Alikuwa ameshakula watu." Nilitaka kucheka nikajizuia, kwa sababu kiti chake nilikuwa nimekikalia. Mamba hazidishi magamba akikua. Idadi yake na mpangilio wake hukamilika angali ndani ya yai, kisha kila gamba hupanuka pamoja na mwenyewe. Magamba ya mshipi ule yalikuwa na upana wa ukucha wangu wa gumba. Futi ishirini ni zaidi ya mita 6. Dume mkubwa wa aina hii kwa kawaida huwa kati ya mita 3.5 na 5, wa kupita hapo ni wa kutafutwa kwa tochi, na gamba moja la tumbo lake lingeziba upana wote wa mshipi. Huyu alikuwa mtoto wa shamba, wa mita moja na nusu hivi, miaka kama mitatu. Hakumla mtu, alikula alichotupiwa.

Na afadhali hivyo. Mamba mkubwa wa mtoni amejiburura juu ya mawe miaka na miaka, amepigana na madume wenzake, amepigwa kwato na nyati, na tumbo lake lina makovu yasiyofichika kwa rangi yoyote. Wafanyabiashara wa ngozi hizi hupima upana wa tumbo kwa sentimita, kisha huhesabu mikwaruzo. Kwa hiyo hadithi ya mla watu, hata ingekuwa kweli, ingeshusha bei badala ya kuipandisha. Nilimwambia kijana. Alinitazama akanyamaza, akanitolea waleti.

Waleti zile ni za mgongo, zile zenye matuta. "Mgongo ndio imara zaidi." Kwa mamba, naam. Chini ya magamba ya mgongo, ndani ya ngozi yenyewe, kuna vibao vya mfupa ambavyo havikuungana na mifupa mingine ya mwili. Ni deraya, lakini pia vimejaa mishipa ya damu. Mamba akiota jua asubuhi damu hupita pale ikapata joto na kulipeleka ndani. Ukikipasua kibao hicho unakuta miviringo ya ukuaji, na wanasayansi huitumia kukadiria umri wake. Kwa mshonaji, hata hivyo, mfupa ni adui wa sindano. Lazima wautoe au waupunguze wakati wa kutengeneza, na bado pale ulipokuwa hubaki kigumu kisichotaka kukunjika. Waleti hukunjwa kila siku. Ile niliyoishika ilikuwa mpya na tayari uzi wa kwenye mkunjo umeanza kulegea. Tumboni mamba wetu hana deraya hiyo, ndiyo sababu ngozi ya thamani ni ya tumbo na ubavu. Jamaa zake wa Amerika ya Kusini, keimani, wana mifupa hata tumboni. Ngozi zao ni rahisi sokoni na hukakamaa, na mikoba mingi ya "mamba" inayoletwa na watu kutoka safari ni hiyo.

Neno la mwisho la kijana lilikuwa kwamba haiharibiki na maji, "si anaishi majini?" Hapa naomba anisikilize kila mwenye nia ya kununua. Kinachomkinga mamba na maji ni tabaka la juu la gamba, kitu kile kile cha kucha zetu. Tabaka hilo huondolewa kwenye chokaa kabla ngozi haijadabaghiwa. Kinachobaki mkononi mwako ni nyuzi za ngozi ya ndani zilizong'arishwa, na mng'ao huo tone la maji huuachia doa jeupe. Kwa hapa Mombasa, jasho la mwezi wa pili na hewa ya chumvi ni adui kuliko mvua. Ukiuvua usiutupe ndani ya kabati umekunjwa, utaota kuvu. Uning'inize penye upepo, uupanguse kwa kitambaa kikavu, na mafuta ya nazi weka mbali. Najua tunayapaka kila kitu, lakini hapa yatafanya ngozi iwe nyeusi kwa mabaka.

Nikalipa, nikaja zangu. Karakanani nikachukua kisu, nikakata uzi wa ukingo mmoja mzima.

Bitana ni ngozi nyembamba ya ng'ombe, safi, haina lawama. Katikati wameweka ukanda wa kujazia, ile ngozi ya kusagwa na kugandishwa kwa gundi, kitu cha kawaida kwa mishipi ya bei hii. Uzi ni wa nailoni, mishono minane kwa inchi, imenyooka, mashine nzuri. Ngozi yenyewe upande wa ndani inaonyesha ramani ile ile ya magamba iliyo nje, jambo ambalo ng'ombe wa bamba la moto hawezi kulifanya hata umwombe. Nilipitisha msharasi, chuma chetu cha kutobolea, kwenye mfereji kati ya magamba mawili: uliingia bila kulazimishwa. Nikaupitisha katikati ya gamba: ukakaza, ukatoa kishimo safi kisichoraruka. Ni ngozi nzuri, wallahi, imebana na ni nyepesi kwa unene wake.

Mshipi si kipande kimoja. Ni vitatu. Hilo peke yake si udanganyifu: mnyama wa mita moja na nusu, ukiondoa kichwa na mkia, tumbo lake halifiki urefu wa kuzunguka kiuno cha mtu mzima. Ila kiungo cha kwanza wamekificha chini ya bizimu, vizuri. Cha pili wamekiweka mbele, vidole vinne kutoka tundu la mwisho, mahali panapovutwa kila siku. Na kuna la kuchekesha zaidi. Nukta, nimesema, hukaa ukingo wa nyuma wa gamba. Kwenye vipande viwili zinatazama upande mmoja, na kwenye kipande cha katikati zinatazama upande wa pili. Fundi alikishona kinyume! Mvaaji hataona, mkewe hataona, lakini nimeona mimi na sasa mmejua na nyinyi.

Mzee wa Kibokoni nilimpa jibu baada ya hapo. Gidamu hapana, kamba inayopita kati ya vidole vya miguu inalowa jasho na kuvutwa kila hatua, na mng'ao ule hautahimili. Nimemshauri gidamu iwe ya ng'ombe, kisha ukanda wa juu wa mguu uvishwe tumbo la mamba. Amekubali. Aliniuliza pia kama kijana wake anaweza kusali akiwa amevaa kitu cha mamba. Nyama yake sisi hatuli, lakini kwa madhehebu ya Shafi ngozi ikishadabaghiwa imetoharika, isipokuwa ya mbwa na nguruwe. Wako wanaochukia kuvaa ngozi ya mnyama mla nyama, kwa hiyo nikamwambia amalizie kwa sheikh wake. Mimi ni wa sindano.

Nilitaka nimwone pia mwenye ngozi akiwa ameivaa mwenyewe, nikaenda Haller Park pale Bamburi, yale machimbo ya kiwanda cha saruji ambayo René Haller alianza kuyapanda miti mwaka 1971. Nenda asubuhi kabla halijawa kali. Mamba walikuwa ukingoni wamelala mdomo wazi, na watoto waliokuwa karibu yangu wakasema mmoja wao amekasirika. Hakukasirika, anapunguza joto. Alipoufunga mdomo, jino la nne la taya ya chini lilibaki nje likionekana, ambalo kwa aligeta hufichika. Meno yote ni kati ya 64 na 68, na likitoka moja huota jingine chini yake. Ulimi umeshikwa na sakafu ya kinywa, hawezi kuutoa nje, na nyuma yake kuna kizibo cha nyama kinachofunga koo ili aweze kushika windo chini ya maji bila kuyameza. Misuli ya kufunga taya ni ya kutisha, ya kufungua ni dhaifu hata kamba inatosha kuyafumba.

Kilichonishika zaidi ni kichwa. Magamba ya mwili yamepangwa kwa safu, ya kichwani hayana mpango wowote, na ya shavu la kulia hayafanani na ya kushoto. Mwaka 2013 kundi la Michel Milinkovitch wa Chuo Kikuu cha Geneva lilieleza sababu baada ya kuchunguza mamba wa aina hii hii: ya kichwani si magamba yaliyochorwa moja moja ndani ya yai, wakasema ni nyufa. Walidhani mifupa ya uso hukua upesi, ngozi ngumu juu yake ikavutwa ikapasuka, mfano wa tope linalokauka bwawani, lakini mwaka 2024 kundi hilo hilo likajisahihisha: ni mikunjo, maana ngozi ndiyo inayokua upesi kuliko mifupa iliyo chini yake, ikabanwa ikajikunja. Nikakumbuka mikoba mle dukani iliyochapwa magamba yasiyo na safu, na nikafahamu aliyetengeneza lile bamba alinakili kichwa akadhani ni tumbo.

Juu ya mashamba, kwa kuwa wengi huuliza kama ni halali kuvaa: uwindaji Kenya ulipigwa marufuku mwaka 1977, na mamba wetu yuko kwenye Orodha ya Pili ya mkataba wa kimataifa wa CITES, ule wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, yaani biashara inaruhusiwa kwa vibali. Mashamba huruhusiwa kuokota mayai mtoni na kuyaangua. Jike huchimba shimo kwenye mchanga wa ukingo, akataga kati ya 25 na 80, akafukia, akalinda kwa karibu miezi mitatu. Jinsia haiamuliwi na damu ya baba wala mama, huamuliwa na joto la shimo: kwenye nyuzi 32 hadi 34 hivi hutoka madume, chini au juu ya hapo majike. Jike akiondoka kidogo tu, kenge huja kufukua, kwa hiyo kenge wa methali kumbe yuko kweli na anafuata chakula. Vitoto vikilia ndani ya mayai mama hufukua mwenyewe, akavibeba kinywani hadi majini. Porini wengi hawafiki mwaka, na hoja ya wenye mashamba ni kwamba yai lililookotwa lilikuwa la kenge hata hivyo. Mimi hoja hiyo naikubali nusu. Nusu nyingine ningependa kujua wanaishije kwenye yale madimbwi ya saruji.

Dukani, kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kilikuwa ukutani na nilikisoma hadi tarehe, kilikuwa hai. Stakabadhi yangu lakini imeandikwa "mshipi 1" basi. Kwa mtu wa hapa haidhuru. Kwa ndugu yako anayerudi Ulaya au Ghuba, dai iandikwe kwamba ni mamba wa mto Nile na namba ya kibali, kabla hujatoa pesa, maana afisa wa forodha hatakubali maelezo ya mdomo.

Bizimu ilianza kutu ndani ya wiki mbili. Ni chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu. Sumaku yangu ya karakanani iliishika papo hapo. Niliirudisha. Kijana hakubisha, akaingia ndani akatoka na ya shaba, akaifunga mwenyewe bila kuniomba senti, na akaniuliza kwa sauti ya chini nimwonyeshe zile nukta. Nikamwonyesha. Kwa hilo, duka nalipatia nyota tatu na nusu badala ya tatu. Tumbo chukua, mgongo acha, safu ya chini ipite, na hakikisha kiungo hakiko mbele. Bei shuka nayo taratibu, hakasiriki. Ijumaa hufunga toka saa sita na nusu hadi saa nane, na kuegesha gari pale ni balaa, panda tuktuk.